Nguo Alizojifulia Baba

"Kasichana, hebu niambie. Babako hujifulia nguo kwa nini na mamako yuko?"

Aliyeniuliza alikuwa mama wa kioski kilichotazamana na lango la ploti yetu huko Kiganjo, Thika. Nilikuwa nimetumwa chumvi, na nilikuwa mdogo kiasi kwamba meza yake ilinifika puani. Wanawake waliokuwa wakingoja maziwa walitazamana, mmoja akasema, "Huyo mzee amekaliwa chapati na mkewe, mtoto atakuambia nini?" Wakacheka mpaka mwingine akashika ukuta. Mama wa kioski akanipa chumvi, akaongeza peremende juu, kama vile watu humpa kitu mtoto wa nyumba yenye msiba.

Nilirudi nyumbani nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya kupanga vya safu mbili, na katikati ua wa saruji uliojaa kamba za nguo. Wanaume wa pale walifanya kazi viwandani, na nguo zao zilifuliwa na wake zao. Mwanamume mmoja tu ndiye aliyeinama juu ya karai, na ndiye huyo huyo aliyekuwa na sare za jeshi.

Baba alikuwa mwalimu katika kikosi kidogo kilichofundisha askari wengine jinsi ya kujikinga na silaha za kemikali. Nililijua hilo kama mtoto mwingine anavyojua kwamba babake ni makanika. Nilichokijua vizuri zaidi ni namna alivyorudi nyumbani. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, kando ya ua wa miiba ya kayaba, akiwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Kabla ya kufanya lolote alitazama moshi wa jiko la mama wa kioski. Moshi ukielekea kwetu, alihamisha karai upande wa pili. Ukielekea barabarani, aliliacha. Alioga maji baridi hata mwezi wa Julai, wakati watu wa Thika huvaa makoti ndani ya nyumba. Nami nikimkimbilia, alinyoosha kiganja kama askari wa trafiki.

"Simama hapo, mama. Bado."

Aliniita mama, kama wanaume wengi wa kwao magharibi wanavyowaita binti zao. Nilisimama. Nilisimamishwa hivyo mara nyingi hadi nikaacha kukimbia. Akishamaliza kuoga na kufua na kuanika, akiwa na kaptula na shati linalonukia sabuni ya mche, ndipo alipofungua mikono na kuuliza, "Haya, nani alikuwa ananitafuta?"

Sare zake zilikuwa na kamba yao mwishoni kabisa mwa ua. Mama hakuzigusa. Siku moja upepo uliangusha shati chini, nikamwona mama akiliokota kwa ufito na kulirudisha juu ya kamba akiwa amegeuza uso.

"Kwani ni nguo ya baba ama ni nyoka?" nikamuuliza.

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta inhela yake. Mama alikuwa na pumu. Alikuwa mtu wa hapo hapo Thika, mzaliwa wa mashamba ya kahawa, na kikohozi chake nilikizoea kama ninavyozoea sauti ya mlango wetu. Swali langu halikujibiwa, na sikuona kwamba halikujibiwa.

Nilipoingia chuo kikuu nilipanga chumba Kahawa Wendani na wasichana wenzangu, nikasoma sayansi ya siasa, nikawa mtu wa kuuliza kila kitu. Niliuliza wahubiri, niliuliza wahadhiri, niliuliza mwenye nyumba mita ya maji ilisomwa na nani. Wenzangu walichoka nami. Na katika ule uulizaji, nguo za baba zilirudi. Mwanzoni niliamini alikuwa na mwanamke mwingine, akifua marashi yake kabla mama hajayanusa. Baadaye niliona hiyo ni hadithi ya wanawake wa maziwa, nikaja na yangu iliyokuwa mbaya zaidi: kwamba kikosi chake kilikuwa kikitengeneza sumu mahali fulani, na sisi watu wa Kiganjo tulikuwa tukiishi karibu na jambo ambalo hakuna aliyetuuliza kama tunalitaka.

Kwa hiyo nikatafuta. Sikupata kiwanda cha sumu. Nilichokipata kilinifanya niweke simu chini nikasimama katikati ya chumba. Mkataba wa dunia unaopiga marufuku silaha za kemikali, ambao nchi yetu imeukubali, unakataza gesi ya kutoa machozi itumiwe kama njia ya kupigana vitani. Haifai kumrushia adui anayekuja na bunduki. Lakini mkataba huo huo unawaruhusu polisi kuitumia kutuliza ghasia ndani ya nchi yao. Nilikisoma kifungu hicho tena na tena nikidhani Kiingereza changu ndicho kimenipotosha. Kisha nikampigia baba.

"Ulijua?"

"Nilijua. Ilikuwa kwa somo la kwanza."

"Na ulifundisha tu, ukanyamaza?"

"Sikiza. Vitani adui akiona moshi hajui ni moshi gani. Atafikiri ni ile ya kuua, na yeye atajibu na mbaya zaidi. Ndiyo wakaikataza."

"Kwa hivyo sisi tunaweza kupigwa nayo kwa sababu hatuna cha kujibia?"

Upande wa pili nilisikia maji yakimiminwa kwenye karai. Alikuwa amestaafu tayari, lakini bado alifua.

"Umekula, mama?" akauliza.

Nilikata simu.

Baada ya chuo nilihamia Mwiki, upande wa Ruiru, kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya juu. Nilifundisha watoto wa majirani hesabu na Kiswahili huku nikingoja kazi iliyosemekana inakuja. Vijana wa umri wangu walikuwa wakingoja hivyo hivyo kila mahali, na siku walipoamua kuandamana katika mji wa Thika, nami nilienda. Sikwenda kupiga mtu. Nilibeba chupa ya maji na kadibodi niliyoandika kwa kalamu ya darasani.

Nilidhani nimejitayarisha kwa sababu nilikuwa nimesoma. Mkebe wa gesi ya polisi ulipoanguka mbele yetu, karibu na mahali wanapouza viatu vya mitumba, haukunitisha hata kidogo. Uliviringika kama kopo la kawaida. Kisha nikavuta pumzi na kifua kikakataa. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilikiamuru kivute hewa, nacho kikakataa, kama mlango uliofungwa na mtu aliye ndani. Macho yalijifunga yenyewe. Nilisikia mwanamke akiita mtoto wake, nikasikia viatu vingi, na kilichonishangaza sana, hata wakati ule, ni kwamba mwili wangu ulikuwa ukiogopa bila kuningojea mimi. Mtu alinishika mkono akanivuta hadi uchochoro. Sikumwona uso na sikumshukuru.

Nilipoweza kuona, nilitaka nyumbani, na nyumbani hakukuwa Mwiki. Nilipata bodaboda. Hatukuwa tumefika mbali dereva akaanza kukohoa na kupangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Siste, kwani umebeba hiyo kitu kwa mfuko?"

"Sijabeba kitu."

"Basi wewe ndiye hiyo kitu! Kaa nyuma kabisa, tafadhali, nisituangushe."

Nilicheka, na kucheka kukaniuma. Sikufikiria alichosema kilimaanisha nini.

Baba alikuwa langoni. Nadhani alikuwa amesikia milio kutoka mjini akatoka kunitazamia. Nilimkimbilia. Mimi, mtu mzima mwenye shahada, nilimkimbilia kama wakati ule wa chumvi na peremende, nikilia machozi ambayo mengine yalikuwa ya gesi na mengine yangu.

"Simama hapo!"

Nilisimama. Kiganja chake kilikuwa mbele yangu.

"Usiingie. Usiguse hata mlango."

Nilimtazama nikidhani sijasikia vizuri. Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa tumebishana. Alikuwa amesema vijana wanaorusha mawe hawajui wanachokitaka, nami nikamwambia maneno ya kumjibu. Sasa niliona nimefukuzwa. Niliona amechagua upande, na si wangu. Mama wa kioski, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi, alitoka mbio akiwa na jagi la maji ya chai.

"Haiya! Mzee, umerukwa na akili? Mtoto wako amepigwa na hawa watu na unamfungia lango? Kuja, mami, kuja nikuoshe uso. Maji ni ya moto, itatoa yote."

"Si ya moto!"

Sauti hiyo haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mama, kutoka dirishani, kali namna ambayo sijawahi kuisikia. "Usimmwagie ya moto! Ngai, si ya moto!"

Na baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona akimgusa mwanamke wa watu hata kwa bahati mbaya, alilipiga lile jagi likaruka na kupasuka barabarani. Mvuke ukapanda kutoka kwenye vumbi. Sisi sote tukautazama.

"Nisamehe, mama," alimwambia jirani. "Nitakununulia lingine. Nisamehe." Kisha bila kugeuka, "Funga dirisha. Funga yote." Dirisha la mama likafungwa.

Kilichofuata kilikwenda upesi, na hakikuwa na huruma wala ukali. Baba alitazama moshi wa jiko la mandazi la kioski. Alinizunguka kwa mbali mpaka akawa upande upepo unakotoka, akaniambia niinue mikono mbali na mwili, nisijikune, nisipanguse macho, nitazame upepo unakotokea na kupepesa. Alinileta nyuma kando ya kayaba, akaweka ndoo za maji baridi, sabuni, leso ya mama na mfuko wa nailoni, akageuka akatazama ukuta. "Nguo zote ndani ya mfuko. Blauzi usiivute juu ya uso, ikate kwa mkasi. Maji mengi, nywele kwanza ukiwa umeinama. Usisugue." Mama wa kioski alinishikia mkasi. Alikuwa amenyamaza, jambo ambalo katika maisha yangu yote sikuwa nimelishuhudia.

Nilipotoka nikiwa na leso na kutetemeka kwa baridi, baba aligeuka. Alifungua mikono. Hakusema ile kauli yake ya zamani, na mimi sikumwendea. Nilipita kando yake nikaingia ndani.

Asubuhi nilimkuta kwenye karai lake akifua suruali yangu. Maji baridi, pua imegeuziwa upepo. Alikuwa amenyoa ndevu, kama alivyonyoa kila siku ya maisha yake, kwa sababu barakoa ya gesi haishiki juu ya ndevu, ingawa hakukuwa na barakoa yoyote nyumbani kwetu. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niambie mlikuwa mnafanya nini huko," nikasema. "Si juu juu. Yote."

Akaniambia, bila kuacha kufua. Kikosi kilianza na maafisa wachache waliotumwa ng'ambo kujifunza, wakarudi na vitabu na barakoa za kujaa sanduku. Hakukuwa na jengo. Kibanda cha kwanza cha gesi kilikuwa stoo ya zamani ya mabati, na matundu yake yalizibwa kwa vipande vya sabuni. Askari wa vikosi vingine waliwacheka. "Walikuwa wanatuuliza, nani atatupiga sumu sisi, panya? Wakituita watu wa dawa ya kunguni." Kisha habari zikawa zinafika za nchi nyingine ambako watu wa vijiji vizima walipatikana wamelala na hawakuamka, hakuna risasi wala damu, na kicheko kikapungua. Askari waliokwenda kulinda amani nchi za mbali walipitishwa kwanza kwao. Baadaye walianza kuulizwa mambo ya lori la kemikali likianguka, au bomba likipasuka kiwandani. Walifundisha kuvaa barakoa kabla pumzi uliyoibana haijaisha, kusoma upepo, kutambua sumu kwa karatasi inayobadilika rangi, kuosha watu na magari.

"Na sumu yenyewe?"

"Hatukuwa nayo. Hatukuwahi kutengeneza hata tone. Tulikuwa na hii ya machozi peke yake, ya kufundishia. Kwa sababu haiui."

"Haimuui nani?"

Mikono yake ilisimama ndani ya maji.

Nilikuwa nimeuliza kwa ubishi tu, vile ninavyouliza kila kitu. Sikutegemea kwamba ningegusa mahali panapouma. Alitazama kamba ya nguo mwishoni mwa ua kwa muda, kisha akaanza kunieleza juu ya kibanda, kana kwamba hilo ndilo jibu. Kurutu aliingia amevaa barakoa, kidonge cha gesi kikachomwa, akazunguka ndani hadi aamini kwamba kile kitu usoni mwake kinafanya kazi. Kisha aliamriwa avue, aseme namba yake na jina la kwao, na atoke akitembea. Si kukimbia. Anayekimbia humwangusha mwenzake mlangoni.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani."

"Umevaa."

"Nilikuwa navua wa kwanza. Ningemwambiaje kijana avue na mimi nimevaa?"

"Kila kundi?"

"Kila kundi."

"Nani alikuamuru?"

"Hakuna."

Nilihesabu kichwani miaka yake ya kazi, nikaacha. Nilikuwa nimevuta gesi ile siku moja na bado koo lilikuwa kama limepitishwa msasa. Mzee huyu, aliyeniuliza kila siku kama nimekula, alikuwa akiivuta kwa hiari, kisha akiifunga kwa fundo ndani ya mfuko na kuja nayo Kiganjo.

"Hiyo gesi ni poda, inashika kwa nguo," alisema. "Hukauka, unasahau. Ukiimwagia maji ya moto inaamka, inapanda na mvuke. Sisi wenyewe mwanzoni hatukuwa tunajua vizuri. Tulifundishwa vita, hatukufundishwa kufua." Akaikamua suruali yangu. "Mtu wa nyumba hii aliumia."

Ndani ya nyumba mama akakohoa. Nilisikia inhela ikitikiswa, ikibonyezwa, na ile pumzi ndefu anayoibana baada yake.

Kila kitu kilikaa mahali pake mara moja. Ufito na shati. Sauti ya dirishani. Si ya moto. Kikohozi nilichokizoea kama mlango.

"Ni mama," nikasema. "Wewe ndiye ulimpa mama hiyo pumu."

Baba aliinua uso. Alifungua mdomo, akatazama dirisha la mama, akaufunga.

"Sema si kweli."

Hakusema.

Nilimwambia mambo mengi hapo. Nilimwambia kwamba alifundisha nchi nzima kupumua na akamnyima pumzi mke wake. Nilimwambia kwamba watu walimcheka kwa kufua na kumbe walipaswa kumlilia mama. Alinisikiliza akiwa ameshika suruali yangu iliyolowa, maji yakimdondokea miguuni, hakujitetea hata kwa neno moja, na huo ukimya ndio ulionishtua kuliko mkebe wa mjini. Mtu asiye na hatia hubisha. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilirudi Mwiki nikiwa nimevaa nguo za mama, na suruali yangu nikaiacha kwenye kamba yake.

Sikurudi Kiganjo kwa muda mrefu. Mama alinitembelea yeye, akipanda ngazi za ghorofa yetu polepole na kupumzika kila mahali palipokuwa na dirisha. Hakuniuliza kulitokea nini kwenye karai, na mimi nilidhani anamficha mumewe aibu. Baba hakupiga simu. Alituma ujumbe. Kila iliposikika kwamba kuna maandamano Ruiru au Thika, simu yangu ililia, na maneno yalikuwa karibu yale yale: "Upepo leo unatoka mashariki. Funga dirisha la jikoni, fungua la barabarani." Hakuna salamu wala jina. Sikumjibu. Lakini nilifunga dirisha la jikoni.

Kisha mama alibanwa vibaya msimu wa baridi, nikampeleka kwenye kliniki moja Ruiru. Mhudumu alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, mwenye swali baada ya swali.

"Hii pumu ilianza lini, mama?"

"Nikiwa mdogo. Kwa shamba la kahawa. Tulikuwa tunalala karibu na pale wanakoboa, vumbi mpaka kwa blanketi."

"Kabla ya kuolewa?"

"Daktari, kabla sijajua mwanamume ni kitu cha kufanyia nini."

Kijana alicheka akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wa mama, nikauweka sakafuni.

Kwenye korido, benchi zikiwa zimejaa watu, nilimwambia, "Baba alisema ni yeye. Alisema ni nguo zake."

"Alisema?"

Nilifikiri. "Hakukataa."

"Hangeweza kukataa. Nilimwapisha asikuambie. Sikutaka ukue ukijishika kifua kila ukipata homa." Alivuta pumzi, akaangalia kama nipo tayari, au kama yeye yuko tayari. "Ulikuwa mgongoni kwangu. Ilikuwa inanyesha, sikuweza kufulia nje. Sare ilikuwa chafu kweli, nikasema wacha nimfanyie vizuri, nichemshe maji. Nikaingia bafuni, nikafunga mlango usipigwe na baridi, nikamwaga. Ulilia kwanza. Halafu hukulia."

Watu wa benchi walikuwa wakisikiliza bila kujificha. Mama hakuwajali.

"Babako ndiyo alikuwa anafika, bado na sare ingine mwilini. Alikunyakua akatoka na wewe barabarani, akielekea upepo unakotoka. Alikubeba hivi." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, mbali kabisa na kifua, katikati ya korido ile. "Hivi, mpaka hospitali. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma nikipiga kelele amkumbatie mtoto, amkumbatie, na yeye anakataa, kwa sababu shati lake lilikuwa na hiyo kitu."